Mikono Mgongoni

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo na mimi nimeanza cheo. Sijui kipi kitaisha kwanza.

Bosi aliniita asubuhi kabla cherehani hazijaanza kulia. "Mama Vifungo," akasema, "kiti cha Mama Pini kimekaa kitupu mwaka mzima na mimi nimechoka kukitazama. Kikalie wewe. Mvua zikiisha tutazungumza. Ukiweza, ni chako. Usipoweza nitaleta fundi wa nje awasimamie, na wewe utarudi kwenye vifungo vyako bila ugomvi."

Nikasema, "Sawa, Bosi, Mungu akipenda."

"Mungu anapenda. Wasiwasi wangu ni shule."

Shule yenyewe ni ile kubwa iliyobadilisha sare. Wanataka mashati ya miraba, wavulana kwa wasichana, yawe tayari kabla ya muhula mpya. Tukiwaridhisha tutawashonea kila mwaka. Tusipowaridhisha tutarudi kuweka viraka suruali za watu.

Nimekikalia kiti kwa adabu, kama mtu aliyekalishwa kiti cha mkwe. Mbao zake zimebonyea kwa umbo la Mama Pini, si langu. Alikuwa mwembamba kama futi kamba, na pini hazikumtoka mdomoni. Alizungumza zikiwa hapo hapo katikati ya midomo, na hakuna hata moja iliyowahi kudondoka. Alitembea kati ya safu za cherehani akiwa amefunga mikono mgongoni, polepole, kama hakimu anayekagua gereza. Sisi tulidhani ni maringo. Tulikuwa tukimwiga akitoka nje, na mimi ndiye niliyemwiga vizuri kuliko wote.

Mungu amrehemu. Nilifika kwake nikiwa bibi arusi, mikono yangu inajua mwiko na ufagio tu. Leo nimekaa pale alipokaa, na kila cherehani iliponyamaza niligeuka nikidhani anakuja.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Nimeshinda nikisema "jamani, fanyeni haraka" mpaka koo limekauka. Hakuna aliyefanya haraka.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike habari za wifi yangu, maana ndizo zinazonisumbua.

Ni dada yake mume wangu. Ndoa yake ilipovunjika alirudi kwa kaka yake, yaani kwangu, na sanduku moja na mdomo wake. Zamani alifanya kazi kiwanda cha magodoro, kwenye mashine kubwa. Nilimwomba Bosi amchukue, naye akamchukua kwa sababu yangu. Kazi yake ni mifuko ya kifuani.

Sasa mfuko wa shati la miraba una siri yake. Mistari ya mfuko lazima ikutane na mistari ya kifua, ya kulala na ya kusimama, mpaka mfuko upotee, mtu auone anapotia kalamu tu. Mifuko ya wifi haipotei. Inaonekana toka mlangoni kama jipu.

Leo alinionyesha mmoja, uso wake unang'aa. "Vipi, wifi? Nimepatia?"

Ningesema nini? Usiku wa kwanza alipofika kwetu alilia mpaka mto ukalowa. Nikasema, "Kazi nzuri, wifi. Nzuri sana."

Walipoondoka nikabaki. Nikachukua wembe, nikafumua mifuko yake yote, nikaishona upya.

Jumanne, 11 Machi

Nimebaki tena nikafumua. Si ya wifi tu sasa, hata kola za yule fundi anayekaa dirishani. Mgongo unauma. Mezani kwangu mashati yanayongoja matundu ya vifungo yamefika usawa wa kidevu, kwa sababu muda wa matundu naumalizia kwenye kufumua.

Bosi ana mashine mpya ya matundu ya vifungo. Ameinunua mwaka huu, ipo pembeni, nimeifunika shuka isipate vumbi. Nimemwambia nitaizoea taratibu. Kusema kweli naiogopa. Mimi matundu yangu nayakata kwa mkono na kuyazungushia uzi kwa cherehani ile ya kukanyaga, halafu namalizia kwa sindano. Ndiko jina langu lilikotoka. Mama Pini aliwahi kulishika tundu langu kwenye mwanga akasema, pini mdomoni, "Hili hata likifa shati, lenyewe litabaki." Maneno hayo nimeyala miaka mingi na bado nashiba.

Ijumaa, 14 Machi

Nguo hazikauki. Nyumba nzima inanuka sabuni na unyevu.

Jumatano, 19 Machi

Bosi amenipeleka semina ya siku tatu, ukumbi wa karibu na benki. "Stadi za Kazi na Uongozi," ndivyo walivyoandika mlangoni. Nilikwenda nimenuna. Nilisoma madarasa machache, na nikajua nitaulizwa mambo ya vitabuni nionekane mshamba.

Mwalimu ni binti mwenye miwani mikubwa, umri wa mwanangu wa pili. Nakiri anajua kufundisha. Hakutuuliza cha vitabuni hata kimoja. Alisema asubuhi, kabla hujagusa kitu, jiulize ni jambo lipi likifanyika leo mengine yote yatakuwa mepesi, ulianze hilo. Alisema kazi ikikwama usitafute nani mvivu, tafuta meza ya nani imejaa. Alisema ukimsahihisha mtu taja unachokiona, usimtaje yeye. Useme "mshono huu umepinda," usiseme "wewe hujui kushona." Nikawaza, mimi sisemi lolote, kwa hiyo nimesalimika.

Leo ametupanga wawili wawili. Mimi nimepata mwoka mikate mmoja, mnene, mcheshi, shingo yake fupi kama ya kibuyu kilichokatwa. Mwalimu akagawa tai. "Mfundishe mwenzako kuifunga. Unaruhusiwa kusema tu. Ukimgusa, umeshindwa."

Nami kufunga tai najua hata usingizini. Nikaanza. "Pande refu lipitishe juu."

"Juu ya nini, mama?"

"Juu ya fupi. Siyo huko! Huko ni chini."

"Chini yangu au chini yako?"

"Kuna chini ngapi, baba? Zungusha. Zungusha tena. Umeifunga kama mbuzi anapelekwa mnadani!"

Akacheka, tai ikamkaza, akakohoa, na mimi sijui mkono wangu ulitoka wapi. Nilishtuka nimeshamkamata kooni nafungua. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mwalimu akaja. "Mama, kwa nini umemgusa?"

"Mwalimu, alikuwa anakosea."

"Ndiyo. Alikuwa anakosea. Sasa tai imefungwa vizuri. Kesho akivaa tai atakuita?"

Mwoka mikate akadakia, "Nitamwita tu! Mke wangu atauliza huyu ni nani, lakini nitamwita."

Nimecheka pamoja nao. Lakini njiani kurudi nyumbani, mwavuli mkononi, nilikuwa naona mifuko ya wifi.

Jumatatu, 24 Machi

Nimejiuliza asubuhi ni jambo lipi la kwanza. Nimeanza na kola kwa sababu bila kola mikono ya shati haishonewi na kila kitu kinangoja. Mchana kazi ilikuwa imetembea kweli. Binti wa miwani, Mungu ampe mume mwema.

Jioni nikafumua.

Alhamisi, 27 Machi

Ee Mungu wangu, nisaidie niandike sawasawa.

Watu waliondoka mapema kwa sababu wingu lilikuwa jeusi. Nikabaki na wembe wangu na mashati ya wifi mapajani. Nilikuwa nimefumua mengi, mifuko imelala sakafuni kama majani yaliyopukutika. Mlango ukafunguliwa. Wifi. Alikuwa amesahau mwavuli.

Alisimama mlangoni, maji yanamtiririka usoni. Akatazama mifuko, akatazama wembe. Akainama akaokota mmoja, akaugeuza, akautambua. Mtu anaujua mshono wake kama mwandiko wake.

"Wifi," akasema, "hii si ya leo asubuhi? Uliyosema nzuri?"

Nikasema, "Kaa, wifi, nikueleze."

"Na ya jana?"

Nikauficha wembe chini ya shati.

"Na ya wiki iliyopita? Tangu lini, wifi?"

"Nilitaka usivunjike moyo."

"Kumbe." Akacheka, na kicheko hicho sitaki kukisikia tena. "Nimemwambia mama yangu kwenye simu mimi ni fundi. Nimewaambia na wale wa kiwandani. Nimetembea barabarani nikiona mtu kavaa shati natazama mfuko wake, najisemea mimi naweza ule. Kumbe kila jioni wifi yangu ananifumua. Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa! Bora ungenitukana mbele za watu ningejua pa kuanzia."

"Wifi, mimi nakupenda."

"Usinipende hivyo."

Akachukua mwavuli wake, akatoka bila kuufungua.

Nilibaki nimekaa kwenye kiti cha Mama Pini. Sikujua nishone au nisishone. Mwishowe nilishona, maana mashati yalikuwa ya watoto wa watu, hayana kosa. Nimelia juu ya miraba.

Ijumaa, 28 Machi

Wifi hakuja kazini. Nyumbani anazungumza na kila mtu, hata paka, mimi ananipita kama nguzo. Nimemwomba mume wangu aseme naye. Amejibu, "Wifi na wifi? Mimi huko siingii, kuna miiba pande zote. Wewe sali." Kusali nimesali. Hata yeye alijua hilo si jibu.

Jumamosi, 29 Machi

Ameniwekea chai mezani. Haina sukari, naye anajua ninavyokunywa.

Jumatatu, 31 Machi

Leo nimeambiwa jambo ambalo sitalisahau.

Mpiga pasi wetu ni mzee kuliko sote. Yupo tangu karakana ilipokuwa chumba kimoja, na meza yake iko nyuma kabisa, ukutani. Sisi tumezoea kumwona amezungukwa na mvuke kama nyumba inayoungua. Mchana nilimpelekea mashati, akasema bila kuinua macho, "Mama Vifungo, cheo kinakukondesha. Hata nguo za watoto zimekuzidi unene."

"Acha, mzee wangu. Nimemkosea wifi yangu."

Nikamweleza yote. Alipiga pasi shati zima. Halafu akaniuliza, "Mama Pini alikufundisha wewe. Aliwahi kukushonea?"

Nikafikiri. "Hapana. Hakunishonea hata mshono mmoja. Nilikuwa nikimchukia kwa hilo. Nakumbuka nilipambana na kola moja mpaka ikawa nyeusi kwa jasho, na yeye amesimama tu nyuma yangu kwa maringo yake, mikono mgongoni."

Mzee akaweka pasi chini. "Maringo? Nyie mlikuwa mnamwona mbele. Mimi nimekaa huku nyuma miaka yote, nilikuwa namwona mgongoni. Unajua mikono ile ilikuwa inafanya nini?"

"Inafanya nini?"

Akageuka, akafunga mikono yake mgongoni nione. Mkono wa kulia ulikuwa umeukamata wa kushoto juu ya kifundo, na kucha zimebana ngozi.

"Anajifinya! Alikuwa anajifinya mpaka mwekundu. Wewe na kola yako ile ulimtoa damu, nakuapia. Nilimwambia, mama, si uichukue tu umshonee yaishe? Akanijibu na pini zake, 'Nikiishika mimi, yeye ataishika lini?' Siku nyingine akija kwangu ananiomba kopo la maji baridi atie kifundo."

Nimeketi juu ya rundo la nguo ambazo hazijapigwa pasi, naye hakunifukuza.

Miaka yote hiyo. Nilikuwa namwiga anavyotembea, mabega nyuma, kidevu juu, watu wanacheka, kumbe nilikuwa namwiga mtu aliyekuwa anaumia kwa ajili yangu. Nimekumbuka na mwisho wa kola ile. Alisubiri mpaka nikaitupa chini, ndipo akasema polepole, "Mkono wako wa kushoto unafanya nini?" Nikautazama mkono wangu, nikaona unavuta kitambaa kwa nyuma ya sindano. Nilikuwa siijui kazi yake, unajifanyia tu. Nikauachia. Cherehani ikakibeba kitambaa yenyewe, na mshono ukanyooka kama mstari wa rula. Nilipiga kelele ya furaha. Yeye akaondoka na mikono yake mgongoni.

Laiti ningegeuka siku ile nikamtazama.

Jumanne, 1 Aprili

Nimemfuata wifi uani alikokuwa anafua. Nikachuchumaa upande wa pili wa beseni, nikachukua shati la kaka yake, nikaanza kusuuza. Hakunizuia, hakunikaribisha.

Nikasema, "Wifi, mifuko yako haikutani mistari. Upande wa kulia inapanda. Sikukuambia kwa sababu niliogopa machozi yako, na kwa sababu ni rahisi kwangu kushona kuliko kusema. Nimekudhulumu."

Akaendelea kufikicha. Baada ya muda: "Inapanda kiasi gani?"

"Upana wa punje ya mchele."

"Na kwa nini inapanda?"

"Nadhani najua. Lakini nataka uione mwenyewe."

Akaninyooshea kidole chenye povu. "Nitarudi. Ila sikiliza, wifi. Ikiwa mbaya sema mbaya. Hilo neno 'nzuri' lifungie kabatini mpaka litakapohitajika. Na wembe wako nipe mimi."

Nimempa. Jioni chai ilikuwa na sukari.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimesimama nyuma ya wifi mikono mgongoni. Nilidhani ni jambo dogo. Jamani! Kila sindano ikishuka vidole vyangu vinaruka kama samaki. Nimejifinya. Mzee wa pasi kule nyuma akakohoa kwa makusudi.

Ijumaa, 4 Aprili

Wifi amefumua mwenyewe, ameshona, amefumua. Amemtukana mwenye kiwanda cha kitambaa na kizazi chake. Mimi sijagusa.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua kubwa, bati linapiga ngoma, tunazungumza kwa kupiga kelele. Wifi alitupa mfuko mezani. "Sema basi! Unasimama hapo kama mlingoti!"

Nikainama sikioni pake. "Mkono wako wa kushoto unafanya nini?"

"Mkono gani? Umekaa tu."

"Utazame."

Akashona, macho kwenye mkono badala ya sindano. Mkono ukakishika kitambaa kwa nyuma, ukavuta. Akasimama. "Mshenzi huyu!" akauambia mkono wake, akauzaba kibao. Akaushona mfuko mwingine, mkono wa kushoto umelala juu ya kitambaa bila kukivuta. Alipomaliza akalinyanyua shati, akalisogeza mbali, akalisogeza karibu.

"Wifi, mfuko uko wapi?"

"Sijui, wifi. Umepotea."

Alizunguka karakana nzima akiwaonyesha watu shati lisilo na mfuko. Mimi nilikwenda kwa mzee wa pasi kuomba maji baridi.

Jumanne, 15 Aprili

Bosi amekuja amekunja uso. "Kola nzuri, mifuko mizuri, kila mtu anashona. Mbona mashati hayatoki? Shule wamepiga simu. Wiki ijayo nisipoona maboksi, Mama Vifungo, nitamwita yule fundi wa nje. Usiseme sikukuambia."

Nimepiga hesabu kichwani, sikuona kosa la mtu. Nimekemea waliochelewa kutoka chakula cha mchana. Haikusaidia, na sikujipenda.

Alhamisi, 17 Aprili

Nikiwa nasali asubuhi, katikati ya sala, Mungu anisamehe, nikamsikia binti wa miwani: tafuta meza ya nani imejaa.

Nimefika karakana nikasimama mlangoni kabla sijaingia, nikatazama. Meza ya kola tupu. Meza ya mikono tupu. Meza ya wifi tupu, anajipepea na kipande cha kitambaa. Mzee wa pasi amelala wima kama farasi.

Meza yangu huioni. Ni mlima. Mashati yote ya shule yapo pale, yanangoja Mama Vifungo ayakatie matundu kwa mkono, moja moja, yale ambayo hata likifa shati yenyewe yatabaki. Wa kuwakemea sikumwona. Mkwamo ulikuwa mimi.

Na pembeni, chini ya shuka, ile mashine.

Nimeitazama siku nzima, sikulivua shuka. Nikiacha matundu yangu, nitaitwa nani?

Jumanne, 22 Aprili

Siku mbili nimeshona matundu kwa kasi ya mwendawazimu. Mlima haujapungua hata kichwa. Leo nimepiga moyo konde. Nimekwenda kwa wifi wakati wa chai, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Kule kiwandani ulitumia mashine kubwa."

"Nilitumia."

"Hii ya matundu, unaiweza?"

"Nimeshaijaribu ulipokuwa semina. Bosi aliniruhusu. Inafanana na ile ya magodoro, hii ni mtoto wake tu." Akanitazama. "Kwa nini unanong'ona?"

"Naona aibu. Nifundishe."

Hakucheka. Nilijiandaa acheke, naye mdomo wake naujua, lakini hakucheka. Alivua shuka, akalikunja vizuri, akaniambia, "Kaa, wifi."

Jumatano, 23 Aprili

Niandike taratibu, maana ndiyo siku niliyotaka kuifikia.

Tangu asubuhi nimekaa kwenye mashine ile. Wifi akanieleza: shati liweke hivi, kanyaga, ngoja ikate, achia. Maneno machache. Vitambaa vya kujaribia nimeviharibu gunia zima. Tundu la kwanza lilipinda. La pili likapinda. La kumi na ngapi sijui, likapinda upande ule ule. Jasho, miwani yangu inateleza, watu wazima wenzangu wanajifanya hawanioni. Nilitamani aniondoe pale, akae yeye, amalize. Nilimwambia hivyo. "Wifi, kaa wewe tu. Mimi nimezeeka. Bosi anataka maboksi."

Nikasema tena, kwa hasira, "Si unaona nakosea? Umesimama tu hapo!"

Nikaharibu tundu jingine. Halafu sauti juu ya bega langu, polepole:

"Wifi. Mkono wako wa kushoto unafanya nini?"

Nikautazama. Ulikuwa umekishika kitambaa kwa nyuma, unavuta. Mkono ule ule! Baada ya miaka yote, umeona mashine mpya umerudia ujinga wa ujana wake.

Nikauachia. Nikakanyaga. Mashine ikabeba kitambaa, ikapiga, ikakata, ikatoa tundu lililonyooka. Dogo, safi. Si langu lile la zamani, sitasema uongo, lakini ni tundu, na mtoto atafunga shati lake.

Mara hii niligeuka. Nyuma yangu wifi alikuwa amesimama wima, mabega nyuma, kidevu juu, mikono mgongoni, macho yamejaa maji.

"Unalia nini?"

"Silii! Inauma." Akautoa mkono wa kushoto mbele, akanionyesha kifundo, alama za kucha mfululizo. "Ulikuwa unakivuta, wifi! Ulikuwa unakivuta tangu asubuhi!"

Nimemshika mkono ule nikaubusu palipokuwa pekundu, mbele ya watu wote. Nilimbusu yeye na mwingine ambaye sikugeuka kumtazama siku ile.

Mzee wa pasi akapiga kelele kutoka kwenye mvuke wake, "Kopo la maji lipo huku! Pangeni foleni!"

Alhamisi, 24 Aprili

Wifi asubuhi, mimi mchana, kwa zamu kwenye mashine. Mlima umekuwa kichuguu.

Jumatatu, 28 Aprili

Maboksi ya mwisho yameondoka. Bosi alishika shati moja, akatafuta mfuko, hakuuona, akaupapasa kwa kidole. "Huu umeshona wewe?"

"Hapana, Bosi. Wifi yangu."

"Na matundu?"

"Mengine yeye, mengine mimi. Hata mimi siwezi kuyatofautisha."

Akalikunja shati mwenyewe, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, akalirudisha ndani ya boksi.

Ijumaa, 9 Mei

Jua. Tumefungua madirisha yote na karakana imenuka vumbi la moto, harufu ambayo zamani ilikuwa ndiyo harufu ya Mama Pini akitufagilia chini ya cherehani, pini mdomoni, akitukataza tusiinuke.

Bosi amesema neno moja tu alipopita: "Kikalie." Nimemshukuru Mungu palepale, kwa sauti. Fundi wa nje hatamwita.

Lakini kukikalia sikukikalia. Leo amekuja mwanamke mgeni kujifunza kola, mtu mzima, ana woga wa kuvunja sindano. Nilikuwa namwendea. Wifi akanitangulia, akasimama nyuma yake. Nami nikasimama nyuma ya wifi, mikono mgongoni kama yeye. Mgeni akakosea mshono wa kwanza, na sote wawili tukavuta pumzi kwa pamoja.

Mzee wa pasi akaacha kazi kabisa, akaegemea ukuta wake akitutazama migongo.

"Ee Mola," akasema, "sasa ni wawili."

Kiti kimebaki kitupu siku nzima, na hakuna aliyekiangalia.